Afya Yetu: Jipu Linalozunguka Nyumbani



Mwezi huu tuzungumze juu ya jipu. Najua utasema, "Jipu? Nani asiyelijua jipu?" Ni kweli. Watu wazima wengi wamewahi kupata jipu, na wengi wamewahi kukaa upande mmoja kwa sababu yake. Lakini iko nyumba moja ninayoifahamu ambayo jipu lilitaka kuvunja ujirani wa miaka mingi. Kwa ajili ya nyumba hiyo nimeona tulizungumze jambo hili kwa urefu.

Ilianza kwa baba. Alipata jipu kwapani. Likaiva, likapasuka, akapona. Baada ya wiki mbili mtoto wake wa kiume akapata jipu pajani. Kisha mama akapata mgongoni. Kisha mtoto mdogo akatokwa na vidonda vya majimaji kuzunguka pua na mdomo. Vidonda hivyo vilipokauka vilifanya magamba ya rangi ya asali. Halafu baba akarudiwa, safari hii kwenye makalio.

Miezi minne ilipita na nyumba ile haikukosa mgonjwa. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema damu ya ukoo ule ni chafu. Wengine walisema nyumba imerogwa. Kidole kikaelekezwa kwa bibi mmoja jirani. Kosa la bibi huyo lilikuwa nini? Anaishi peke yake, ni mzee, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Wewe na mimi tunajua maneno kama hayo yanaweza kumfikisha wapi mwanamke mzee. Wako waliouawa kwa maneno kama hayo.

Bibi yule hakuwa na hatia. Mwenye hatia alikuwa ndani ya nyumba ile ile, tena alikuwa amekaa puani mwa watu.

Mwenye hatia huyo ni kijidudu. Jina lake ni refu kidogo, lakini wewe sasa unajua kusoma, kwa hiyo lisome polepole: sta-fi-lo-ko-ka-si. Ni aina ya bakteria. Ni kidogo mno, huwezi kukiona kwa macho. Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama nafasi kati ya mistari midogo miwili iliyo karibu kabisa. Nafasi hiyo ni milimita moja. Vijidudu hivi vikijipanga kama elfu moja kwa mstari, ndipo vitajaza nafasi hiyo.

Aliyevigundua katika majipu ni daktari wa upasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, wa mji wa Aberdeen. Mwaka 1880 alichukua usaha wa jipu la mgonjwa wake akautazama kwa darubini. Aliona vitu vidogo vya mviringo vimeshikana kama kichala cha zabibu. Mwaka 1882 akavipa jina hilo refu, ambalo limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kichala cha zabibu na punje. Kitu kimoja katika kazi yake hunifurahisha. Alipotaka kuviotesha vijidudu hivyo ili avichunguze, alitumia mayai ya kuku. Kisha alivichoma kwa sindano katika wanyama wadogo, nao wakapata majipu. Hapo akawa na hakika kwamba jipu huletwa na kijidudu. Haliletwi na damu chafu.

Sasa kijidudu hiki kinakaa wapi? Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kinakaa juu yetu sisi wenyewe. Ukikusanya watu kumi wazima wasio na ugonjwa wowote, kwa kawaida watatu hivi wanacho ndani ya pua sasa hivi. Kinapenda pia kwapa, kinena na sehemu nyingine zenye unyevu. Kinakaa kimya. Hakiumi wala hakiwashi. Mtu anaweza kuishi nacho miaka mingi bila kujua.

Mbona basi watu hao watatu hawaumwi? Kwa sababu ngozi ni ukuta. Ukuta ukiwa mzima, mwizi atabaki nje. Lakini ukichanwa na mwiba, ukikatwa na wembe, ukijikuna upele mpaka damu ikatoka, au ukiumwa na mbu ukajikuna kwa kucha zilizotoka puani, hapo umemfungulia mlango. Hata tundu dogo pale unywele unapotokea linamtosha.

Kijidudu kikiingia, mwili haukubali. Katika damu yetu tunao askari. Askari hao hukimbilia pale, na vita huanza. Mahali hapo hupata joto, huvimba na kuuma. Askari wengi hufa, na vijidudu vingi hufa. Maiti zao, pamoja na nyama iliyoharibika, ndiyo usaha unaouona. Mwili hujenga ukuta kuzunguka usaha huo ili usisambae. Hilo ndilo jipu. Kwa hiyo jipu ni gereza. Ndani yake wamefungwa wezi, na wengi wao bado wako hai.

Shika neno hilo la gereza, maana sasa nataka kusema juu ya kutumbua.

Jipu linapouma, mkono hauwezi kutulia. Mtu hulibinya na vidole viwili. Akishindwa huita mwenzake mwenye nguvu. Wengine huchukua wembe, au mwiba, au pini ya nguo. Ukibinya jipu ambalo halijafungua mdomo, usaha hauwezi kutoka nje. Utakwenda wapi? Utarudi ndani. Umeuvunja ukuta wa gereza kwa upande wa ndani, na wezi wanaingia katika nyama na katika damu. Wakiingia katika damu, wanaweza kwenda popote: kwenye mapafu, kwenye mfupa, kwenye moyo. Watu hufa kwa jambo hili. Si wengi kwa kulinganisha na majipu yote yanayotoka, lakini hufa.

Jipu baya kuliko yote la kuchezea ni la usoni, hasa kati ya pua na mdomo wa juu, au ndani ya pua. Mishipa ya damu ya sehemu hiyo ina njia ya kwenda karibu na ubongo. Jipu la hapo usilikamue kabisa, hata liwe dogo kama punje ya mtama. Kama uso umeanza kuvimba, au jicho limevimba, au kichwa kinauma sana na una homa, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Utauliza, "Nifanye nini basi nyumbani?" Jipu dogo, la mtu mwenye afya nzuri, lisilo na homa, unaweza kulitunza hivi. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo mpaka mkono uweze kuyavumilia. Chovya kitambaa safi, kikamue, kiweke juu ya jipu. Kikipoa, kichovye tena. Fanya hivyo kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kila siku. Joto huleta damu mahali pale na jipu huiva upesi. Baada ya siku chache litafungua mdomo lenyewe. Likifungua, acha usaha utoke wenyewe, ufute kwa kitambaa safi, osha kwa maji na sabuni, kisha lifunike kwa bendeji au kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kitambaa chenye usaha kichome moto, au kichemshe peke yake. Halafu nawa mikono kwa sabuni, na usisahau kucha.

Usipake kinyesi cha ng'ombe. Usipake majivu wala mafuta ya breki. Kinyesi kinaweza kukuletea pepopunda juu ya jipu. Na wale wanaofungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, nao waache. Unga ule ulitengenezwa umezwe. Juu ya kidonda unakauka na kufanya gamba, na chini ya gamba usaha unaendelea.

Kama jipu ni kubwa, au halijaiva baada ya wiki moja, nenda zahanati. Pale wanaweza kulipasua kwa kisu kilichochemshwa na kuua vijidudu, na usaha wote ukatoka. Jipu kubwa dawa yake ya kwanza ni kupasuliwa vizuri. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, kwa sababu dawa haiingii vizuri ndani ya usaha. Wako watu wanaokasirika mganga akisema atapasua, wakataka sindano tu. Usimkasirikie. Anajua anachofanya.

Sasa nieleze mambo ya hatari ambayo hayafanani na jipu, lakini yanaletwa na kijidudu hicho hicho.

Nilisoma darasa moja na kijana aliyekuwa hodari sana wa mpira. Siku moja aliteguka kidogo uwanjani. Baada ya siku chache mguu ulianza kumuuma chini ya goti. Hapakuwa na kidonda. Usiku alipata homa. Wazazi walisema ni mpira, wakamchua kwa mafuta ya moto. Mtoto alilia kila alipoguswa, nao wakazidi kuchua wakidhani wanarudisha mshipa mahali pake. Wiki ya pili mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa. Alipofikishwa hospitali, usaha ulikuwa umejaa ndani ya mfupa. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, na vipande vya mfupa uliokufa vikatolewa. Alipona, lakini mguu ule haukurefuka kama mwenzake. Hadi leo anachechemea, na mpira aliuacha pale pale.

Kwa hiyo, mtoto akilalamika kwamba mfupa au kiungo kinamuuma, tena ana homa na hataki kukanyaga, usimchue. Mpeleke kwa mganga siku hiyo. Katika siku za kwanza dawa inaweza kuuokoa mfupa. Baada ya wiki mbili tatu, kazi ni kubwa.

Katika nchi zetu za joto kuna pia jipu la ndani ya nyama. Mtu mzima mwenye nguvu huanza kuumwa paja au tako kama aliyelima sana. Nyama inakuwa ngumu kama ubao. Homa inapanda. Nje huoni mdomo wala usaha, maana umefichwa chini kabisa. Hilo nalo ni la hospitali.

Mama anayenyonyesha naye asikilize. Chuchu ikipasuka, kijidudu hupita hapo. Ziwa linavimba, linakuwa gumu na la moto, na mama anapata homa. Watu watamwambia amwachishe mtoto. Hapana. Maziwa yakikaa ziwani bila kutoka, mambo huzidi kuwa mabaya. Mtoto aendelee kunyonya. Kama maumivu ni makubwa mno, yakamuliwe kwa mkono uliooshwa. Na mama aende zahanati mapema, kabla usaha haujajikusanya.

Mtoto mchanga mwenye vipele vya usaha, au ambaye kitovu chake kina usaha na ngozi ya pembeni imevimba, asitibiwe nyumbani hata kidogo. Askari wa damu yake bado ni wachanga kama yeye.

Chokea kwenye ukope na uvimbe wa pembeni mwa ukucha ni kazi ya kijidudu hiki mara nyingi. Maji ya moto kwa kitambaa husaidia vyote viwili. Lakini mwenye kidole chenye usaha asipike chakula cha watu. Kijidudu kikiangukia katika wali au nyama iliyokwisha pikwa, na chakula kikakaa saa nyingi katika joto, kinaacha sumu humo. Sumu hiyo haifi hata ukikipasha moto chakula mpaka kichemke. Watu wakila, baada ya saa chache tu wanatapika na kuharisha, wengi kwa pamoja. Nimesikia msiba mmoja ambapo wapishi walishutumiwa kwamba wametia sumu. Sumu ilikuwapo kweli, lakini hakuna aliyeitia kwa kusudi. Wagonjwa wa namna hiyo wapeni maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa kipimo, au pakiti za zahanati. Wengi hupata nafuu katika siku moja. Mtoto mdogo, mzee, au mtu asiyeweza kunywa apelekwe kwa mganga.

Tuje kwenye dawa. Mwaka 1928, huko London, mtaalamu Alexander Fleming alikuwa akiotesha vijidudu hivi hivi katika visahani. Kisahani kimoja kiliota ukungu, kama ukungu wa mkate uliolala. Akaona kwamba karibu na ukungu vijidudu vimekufa. Kutokana na ukungu huo ilipatikana penisilini.

Mtu mmoja wa kwanza kabisa kuchomwa penisilini kwa ajili ya ugonjwa wa namna hii alikuwa askari polisi wa Uingereza, Albert Alexander, mwaka 1941 mjini Oxford. Vijidudu hivi, pamoja na vya aina nyingine, vilikuwa vimemtapakaa usoni na mwilini. Jicho moja lilikuwa limeondolewa. Alipochomwa dawa, katika siku chache homa ilishuka na akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno duniani. Madaktari walichukua hata mkojo wake wakachuja humo penisilini iliyotoka, wamchome tena. Ikaisha. Ugonjwa ukarudi, naye akafa mwezi Machi mwaka huo.

Yeye alikatishwa dawa kwa sababu ilikwisha duniani. Sisi tunaikatisha wenyewe, vidonge vikiwa bado ndani ya karatasi. Mganga anasema meza siku saba. Siku ya tatu maumivu yamekwisha, tunaviweka juu ya kabati kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Au tunakwenda dukani kununua vidonge vinne tu, maana fedha iliyopo ndiyo hiyo. Vijidudu dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzaana. Penisilini ilianza kushindwa na kijidudu hiki katika miaka ya 1940 hiyo hiyo. Ikatengenezwa dawa mpya, meticilini, mwaka 1959. Mwaka 1961 wataalamu wa Uingereza walitangaza kwamba wamepata vijidudu visivyoisikia dawa hiyo pia. Leo vijidudu sugu vya namna hiyo vipo katika nchi nyingi duniani, na hapa Afrika Mashariki pia vimo.

Turudi kwenye ile nyumba yetu. Mama alikwenda zahanati kwa ajili ya mtoto mdogo. Muuguzi alimtazama mtoto, kisha akauliza maswali ambayo mama hakuyatazamia.

"Mnajifuta kwa taulo ngapi nyumbani?"

"Moja."

"Wembe wa kunyolea?"

"Mmoja. Baba akimaliza, anawanyoa watoto."

"Mtoto huyu analala na nani?"

"Na kaka yake. Yule mwenye jipu la paja."

Muuguzi hakucheka wala hakugomba. Alimwambia kwamba jipu halikutoka nje ya nyumba. Linazunguka humo humo kwa taulo, kwa wembe, kwa shuka na kwa vidole vinavyotoka puani. Akampa mtoto dawa. Akataka watu wote wa nyumba waje siku moja, hata wasioumwa. Baba alipimwa sukari, kwa sababu mtu anayerudiwa na majipu mara kwa mara huenda ana ugonjwa wa kisukari na hajui. Hakuwa nao. Ikaandikwa dawa ya kupaka ndani ya pua kwa siku chache kwa kila mtu, maana ukimtibu mmoja tu, atarudishiwa na mwenzake.

Nyumbani kazi ilikuwa ya mama na binti mkubwa. Taulo ilikatwa vipande, kila mtu na chake, na msumari wake ukutani. Shuka zilifuliwa kwa maji ya moto zikaanikwa juani. Kila mtu alinunuliwa wembe wake. Kucha zilikatwa. Kuoga kwa sabuni kila siku kukawa amri, na baba ndiye aliyesumbua zaidi kuliko watoto. Jipu jingine lilitokea mwezi uliofuata, dogo, kwa binti. Walilifunika tangu siku ya kwanza. Baada ya hapo hapakuwa na lingine.

Baba alikwenda kwa yule bibi jioni moja, akamwamkia shikamoo, akaketi. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba wiki hiyo vijana wa nyumba ile walimpasulia bibi kuni na kumfungulia dirisha la jikoni ili moshi utoke.

Liko jambo moja sijalieleza. Yule mtoto mdogo, kabla ya vidonda vya mdomoni, alikuwa na upele katikati ya vidole, akijikuna usiku kucha. Ni kucha hizo zilizofungua mlango. Upele ni habari ndefu na una dawa yake. Tutauzungumza mwezi ujao.